Jinsi ya Kupona Baada ya Kupunguzwa Tumbo: Mwongozo kwa Mgonjwa wa Garissa, Ayeeyo Wake na Majirani Wote

Mwongozo huu ni wa mtu aliyepasuliwa tumbo ili apunguze uzani, kisha akarudi nyumbani Garissa, Wajir au Mandera. Ni wa ayeeyo wake pia, yaani bibi yake. Ni wa shangazi aliyekwisha agiza mbuzi achinjwe, wa jirani wa bulla ya pili, mtaa wa pili, anayekuja na chupa ya chai, na wa yule abti, mjomba mwenye dawa ya kila ugonjwa ambaye hangoji kuulizwa. Daktari wa upasuaji amefanya kazi yake kwa saa chache. Wiki sita zinazofuata ziko mikononi mwa watu hawa, na wengi wao hawakuambiwa lolote.

Waambiwe basi, kwa utaratibu.

1. Fahamuni kilichobaki

Tumbo la mtu mzima likijaa hubeba lita moja au zaidi. Katika upasuaji unaofanywa sana siku hizi, madaktari huondoa karibu robo tatu au zaidi ya tumbo na kuacha mrija mwembamba unaobeba mililita 100 hadi 150. Hiyo ni kama nusu ya bilauri tu. Katika upasuaji wa njia ya mkato, ambao Daktari Edward Mason wa Chuo Kikuu cha Iowa nchini Marekani aliuanzisha mwaka 1966, hutengenezwa kifuko kidogo cha takriban mililita 30, kiasi cha vijiko viwili vya supu. Kifuko hicho huunganishwa na utumbo mdogo mbele zaidi, ili chakula kiruke tumbo lote la zamani na mwanzo wa utumbo.

Kuna jambo jingine ambalo wenyeji wakarimu hupata tabu kuliamini. Sehemu ya juu ya tumbo, ile inayoondolewa katika upasuaji wa mrija, ndiyo inayotoa kwa wingi ghrelini, homoni inayouambia ubongo kwamba mwili una njaa. Ikiondoka, njaa nayo hupungua. Mgonjwa akisema hana njaa, anatoa taarifa ya kitabibu. Kwetu mtu akisema "nimeshiba" ndiyo kwanza mazungumzo yameanza: mwenyeji humwongezea kijiko, mgeni hukataa, mwenyeji huapa, mgeni hula. Kwa wiki sita desturi hiyo isimamishwe. Neno "nimeshiba" likitamkwa mara moja, lipokelewe mara moja, na kijiko kirudi kwenye sufuria.

2. Undeni serikali kabla ya operesheni

Nyumba ya mgonjwa huyu inahitaji baraza la mawaziri, na mawaziri waapishwe kabla hajapanda basi kwenda Nairobi.

Waziri wa Mlango awe ayeeyo mwenyewe. Sababu ni mbili. Kwanza, hakuna mgeni Garissa nzima atakayethubutu kumpita. Pili, mkimnyima wizara atakuwa kiongozi wa upinzani, na upinzani wake utaingia chumbani usiku ukiwa na bakuli la siagi na nyama. Kazi yake ni kupokea kila sinia linalofika. Jirani akiingia na wali wa nyama, ayeeyo amwambie: "Karibu, mwanangu, Mungu akulipe. Watoto hawajala, chakula chako kimefika kwa wenyewe. Mgonjwa anangoja dua yako." Mleta sinia heshima yake imebaki, watoto wameshiba, na mgonjwa hajalazimika kupigana. Adabu ya kumtembelea mgonjwa tangu zamani ni kuketi kidogo, kumwombea na kuondoka, kwa hiyo ayeeyo atakuwa anahuisha sunna.

Waziri wa Kikombe awe kijana mwenye simu inayoweza kulia kila robo saa. Waziri wa Kipimajoto awe mtu mwenye mwandiko unaosomeka. Waziri wa Barabara awe mwenye gari, tangi lililojaa na usingizi mwepesi. Kazi za hawa watatu zinafuata.

Mgonjwa ndiye rais, na rais wa aina hii habebi kitu. Mtungi wa maji wa lita 20 una kilo 20. Kwa wiki nne hadi sita za kwanza, chochote kinachozidi kilo tano hivi kibebwe na mwingine. Mtoto mchanga pia yumo: mama apakatishwe akiwa ameketi, asimwinue kutoka sakafuni.

3. Siri iwe na mipaka

Wengi hufanyiwa upasuaji huu kwa siri. Nyumbani husema walikwenda kuondolewa nyongo, au kupimwa tu. Sababu zao zinaeleweka. Katika jamii ambayo mwili uliojaa umehesabiwa dalili ya neema, hasa kwa mwanamke, kulipa pesa ili uuondoe huzua maneno. Tena eneo hili limetoka kwenye ukame wa misimu mitano mfululizo ya mvua iliyokosa, tangu mwishoni mwa 2020 hadi mwishoni mwa 2022, mifugo ikafa na watoto wakakonda. Mtu akikataa chakula mbele ya watu wenye kumbukumbu hiyo, huonekana amekufuru.

Lakini njaa na unene vinaishi kata moja, mara nyingi nyumba moja. Utafiti wa kitaifa wa afya wa mwaka 2022 ulionyesha kwamba asilimia 45 ya wanawake wa Kenya wana uzani uliozidi au unene wa kupindukia. Nyuma ya wengi wao kuna kisukari, presha, magoti yanayouma na usingizi unaokatika kwa kukosa pumzi. Mtu aliyejaribu kila njia nyingine kisha akakubali kisu ametafuta tiba ya ugonjwa, kama afanyavyo mwenye jiwe la figo. Hana cha kuonea haya.

Hata hivyo, asiyetaka mji mzima ujue ana haki yake. Sharti ni moja: wanaolala naye nyumba moja wajue ukweli wote, na angalau wawili kati yao wajue jina la upasuaji, tarehe yake na namba ya simu ya daktari. Siri iliyofungwa kabisa huua. Homa ikipanda usiku wa manane na mkeo au kaka yako anaamini ulitolewa nyongo, atamweleza daktari wa zamu habari isiyo sahihi, na daktari atatafuta ugonjwa mahali usipokuwepo.

4. Kikombe kidogo, kazi kubwa

Kinachowarudisha hospitalini wagonjwa wengi katika wiki hizi za mwanzo ni kukaukiwa maji. Mjini Garissa, ambako joto la mchana hupita nyuzi 35 miezi mingi ya mwaka, hatari hiyo huanza saa tatu asubuhi. Mgonjwa anahitaji lita moja na nusu hadi mbili kwa siku, na hawezi tena kugida bilauri ya maji akamaliza. Akijaribu, kifua kitambana na maji yatarudi yalikotoka.

Dawa ni hesabu. Chukueni kile kikombe cha plastiki cha kupimia dawa ya maji, chenye alama ya mililita 30. Kikombe kimoja kila robo saa ni mililita 120 kwa saa. Kwa saa 14 za kuwa macho, vikombe 56 vinafikisha karibu lita 1.7. Kijana wa wizara aweke mistari kwenye karatasi, akate mmoja kila kikombe kinapomalizika. Mgonjwa anywe kwa funda ndogo, kikombe kimoja kikimchukua dakika kadhaa. Asitumie mrija, kwa maana humeza nao hewa. Soda na kinywaji chochote chenye gesi vikae mbali.

Mkojo ukiwa wa rangi ya chai ya rangi, kinywa kikikauka, kizunguzungu kikija akisimama, wizara imezembea na vikombe viongezwe kasi. Asipoweza kabisa kunywa kwa saa kadhaa, au akitapika kila anachokunywa, aende akawekewe dripu. Kutapika kwa siku nyingi humaliza vitamini B1 mwilini, na ukosefu wake hudhuru ubongo na mishipa ya fahamu. Mwambieni daktari jambo hilo kwa kinywa chenu, msingoje alikumbuke.

Maji yenyewe yachemshwe au yatiwe dawa. Mlipuko wa kipindupindu ulioanza nchini Oktoba 2022 ulifika Garissa na kambi za Dadaab. Kuhara ambako mtu mzima mwenye tumbo zima angekuvumilia kwa siku mbili, huyu hakumpi nafasi hiyo.

5. Jikoni kuna kazi, tena ya heshima

Karatasi mliyopewa na hospitali ndiyo sheria. Hospitali hutofautiana kidogo katika siku. Kwa kawaida siku moja au mbili za kwanza ni vinywaji vinavyopitisha mwanga. Kisha hadi mwisho wa wiki ya pili ni vinywaji vizito kidogo kama maziwa na supu iliyochujwa. Wiki ya tatu na ya nne ni vyakula vilivyosagwa vikalainika. Ya tano na ya sita ni vyakula laini. Baada ya hapo chakula cha kawaida hurudi polepole.

Habari njema ni kwamba jikoni ya Kisomali ina karibu kila kinachotakiwa. Supu ya mbuzi, ile inayotangulia wali katika hoteli zote za Garissa, ndiyo chakula cha kwanza cha mgonjwa huyu ikitengenezwa hivi. Chemsheni mifupa na nyama kwa muda mrefu, na chumvi kiasi, bila pilipili. Chujeni kwa kitambaa safi. Wekeni supu kwenye friji mpaka mafuta yagande juu kama sahani nyeupe, kwa sababu ukiiacha mezani kwa joto letu mafuta hayo hayagandi vizuri. Ayatoe shangazi kwa kijiko, yote, hata yale ya pembeni mwa sufuria. Kinachobaki chini ni cha rangi ya dhahabu, na ukikipasha moto na kukikamulia tone la ndimu kinanukia nyumba nzima. Shangazi aliyeagiza mbuzi amepata sifa yake, na mbuzi mwenyewe ataliwa na wageni.

Maziwa ya ngamia yanafaa sana, kwa sharti la kuchemshwa. Najua wapo watakaokasirika. Maziwa mabichi yanaweza kubeba bruselosi, ugonjwa unaojulikana vyema kwa wafugaji wa kaskazini, na dalili yake kubwa ni homa. Homa, kama tutakavyoona, ndiyo kitu tusichotaka kukichanganya na kingine katika wiki hizi. Susa, maziwa ya ngamia yaliyochachuka, nayo ikiwa imegandishwa kwa maziwa ambayo hayakuchemshwa, ina hatari ile ile.

Mwili unaopona unadai protini, gramu 60 hadi 80 kwa siku. Bilauri moja ya maziwa ina gramu saba au nane tu, na bilauri hiyo itanyweka kwa zaidi ya saa moja. Ndiyo maana hospitali huagiza unga wa protini. Nunueni Nairobi kabla ya kurudi, mkoroge kwenye maziwa. Wiki ya tatu ikifika, ndengu zilizosagwa na kuchujwa, yai laini, mtindi na samaki aliyepondwa vinaingia. Nyama ya ngamia ingoje, na ikirudi irudi ikiwa imesagwa. Nyirinyiri, kavu na zilizozama kwenye siagi, zingoje zaidi.

Wanaotafuna miraa watasoma aya hii kwa uchungu. Miraa inaua hamu ya kula, na mara nyingi huteremshwa kwa soda au chai tamu. Baya zaidi, hupandisha mapigo ya moyo, na mapigo hayo ndiyo kengele yetu ya hatari. Mapigo yakifika 120 usiku, hakuna atakayejua kama ni majani ya Meru au ni mshono unaovuja. Achaneni nayo, na sigara pia.

Chai ya maziwa yenye sukari nyingi ina adhabu yake, hasa kwa waliofanyiwa njia ya mkato. Sukari humiminika ghafla kwenye utumbo, na katika nusu saa mtu hutoka jasho, moyo hudunda, tumbo husokota na choo humwita kwa haraka. Halwa hufanya vivyo hivyo. Viungo vya chai, iliki na mdalasini, havina kosa: vichemsheni kwenye maziwa bila sukari wala majani.

6. Mtembezeni, na mchomeni sindano yake

Baada ya kukaukiwa maji, adui mwingine ni damu kuganda miguuni, kisha donge kung'oka na kwenda mapafuni. Ni miongoni mwa vinavyoua zaidi katika wiki hizi. Kinga ya kwanza ni kutembea, tangu siku ile ile ya upasuaji. Nyumbani atembee baada ya swala ya alfajiri, kabla jua halijakasirika, na tena baada ya alasiri. Mchana atembee ndani, kutoka chumba hadi chumba, dakika chache kila saa. Wageni wanaotaka kusaidia wapewe kazi hii: badala ya kuketi kwenye mkeka wakimwangalia, wasimame watembee naye. Kusujudu kukimuuma, aswali ameketi. Dini imempa nafasi hiyo, aitumie bila kuona haya.

Kinga ya pili ni sindano ya kuzuia damu kuganda, ambayo wengine hupewa waendelee kuchoma nyumbani kwa wiki kadhaa. Hapa pana jambo ambalo familia za Kiislamu zinafaa kulijua mapema badala ya kuligundua kwenye karatasi ya dawa usiku wa kwanza. Enoksaparini, iliyo maarufu kati ya dawa hizo, hutengenezwa kutokana na utumbo wa nguruwe. Muulizeni daktari kabla ya operesheni kama fondaparinuksi, inayotengenezwa maabara bila mnyama, inamfaa mgonjwa wenu, na muulizeni sheikh mnayemwamini hukumu ya dawa wakati wa dharura. Kinachotisha ni mgonjwa anayetupa sindano kimyakimya. Enoksaparini yenyewe haitakiwi kuganda wala kuhifadhiwa kwenye joto linalozidi nyuzi 25, kwa hiyo mfamasia wa Nairobi aeleze jinsi ya kuisafirisha na kuitunza katika nyumba zetu.

Mguu mmoja ukivimba, shavu la mguu likiuma, au pumzi ikikatika ghafla na kifua kuuma, msikande kwa mafuta. Ni hospitali, mara moja.

Vidonda vyenyewe ni vidogo, kwa kawaida vinne hadi sita, kwa kuwa kazi imefanywa kupitia matundu. Vioshwe kwa maji safi na sabuni, vikaushwe vizuri kwa sababu ya jasho, viachwe. Manemane, samli na unga wa majani yoyote visikaribie. Uunsi, ubani wetu wa nyumbani, nao upumzike: moshi wake mtamu humtia kichefuchefu mtu ambaye tumbo lake bado halijatulia.

7. Homa si malaria

Kama mtasahau yote, hili msilisahau.

Kaskazini Mashariki, homa ina majibu yaliyokwisha kuandaliwa. Ni malaria. Kama si malaria ni taifodi. Kama si taifodi ni bruselosi. Duka la dawa liko hatua chache, muuzaji anajulikana, na dawa hupatikana kabla jasho halijakauka. Mara nyingi wanakuwa sahihi, na hapo ndipo hatari ilipo.

Mtu aliyepunguzwa tumbo ana mstari mrefu wa mshono ndani. Mshono huo ukiachia, uchafu wa tumbo huvujia kwenye nafasi ya ndani, na mwili mzima huingia sumu. Dalili za mwanzo ni homa, mapigo ya moyo ya haraka, maumivu ya tumbo yanayozidi badala ya kupungua, pengine maumivu ya bega la kushoto, kuhema, na hofu ambayo mgonjwa hawezi kuieleza. Wakati mwingine mapigo ya haraka hutangulia yote. Kwa hiyo kila homa katika wiki sita za kwanza ihesabiwe kuwa ni mshono mpaka daktari athibitishe vinginevyo. Hata kipimo cha malaria kikionyesha malaria, mshono bado haujachunguzwa.

Waziri wa Kipimajoto apime joto na mapigo asubuhi na jioni, aandike. Apime mapigo mgonjwa akiwa ametulia, dakika nzima kwa saa ya mkononi. Joto likifika nyuzi 38, au mapigo yakizidi 100 mtu akiwa amepumzika, daktari apigiwe simu saa hiyo hiyo. Yakizidi 120, simu ipigwe mkiwa njiani kwenda hospitali.

Na muuzaji wa duka la dawa aambiwe mapema: mgonjwa huyu hachomwi diklofenaki, hapewi ibuprofeni, wala asipirini ya kununua mwenyewe. Dawa hizo huweza kusababisha vidonda kwenye kiungo kipya. Paracetamoli ya maji inatosha. Maumivu yasiyotulia kwa paracetamoli ni ya daktari kuyasikia. Aliyekuwa akitumia dawa za kisukari au presha asiendelee na kipimo cha zamani kwa mazoea: sukari na presha hushuka upesi baada ya upasuaji huu, na dozi ya mwezi uliopita inaweza kumwangusha sakafuni.

8. Barabara nayo ni sehemu ya matibabu

Kutoka Garissa hadi Nairobi ni takriban kilomita 370. Kutoka Mandera ni karibu 1,000. Na mto Tana una maamuzi yake: mafuriko ya Novemba 2023 na yale ya Aprili 2024 yaliikata barabara upande wa Madogo, watu wakavushwa kwa mashua. Mtu mwenye mshono wa siku tisa hapaswi kusimama kwenye ukingo huo akitafuta mashua.

Kwa hiyo msirudi mapema. Akae kwa jamaa Eastleigh, Nairobi, walau mpaka daktari amwone kwa mara ya kwanza, kwa kawaida kama wiki mbili. Msimu wa mvua ukiwa umekaribia, operesheni isogezwe au akae Nairobi zaidi.

Siku ya kurudi, asimamishe gari kila saa, ashuke, atembee. Njia hii ina vizuizi vya polisi ambako abiria hushuka kuonyesha vitambulisho. Asikae mwisho akijikokota, ashuke wa kwanza anyooshe miguu. Abebe barua ya hospitali inayoeleza upasuaji, ili sindano zilizo kwenye mkoba zisiwe na maswali. Siku ya pili baada ya kufika, Waziri wa Barabara apeleke nakala ya barua hiyo Hospitali ya Rufaa ya Kaunti ya Garissa, ili siku ya dharura wasianze kuuliza alifanyiwa nini. Gari lilale na mafuta.

Ramadhani ikiangukia ndani ya wiki hizi, hafungi. Kukaa saa 13 bila maji ni kuivunja hesabu ya vikombe 56 kwa siku 30. Mgonjwa ameruhusiwa kulipa siku nyingine, na lini aanze kulipa aulize daktari wake.

9. Kurudi kwenye sinia

Siku ya kurudi kula na watu itafika, na ndiyo ngumu kuliko ya kukata nyuzi. Kwenye sinia la pamoja mikono kumi huenda haraka, na kila mmoja humsogezea mwenzake pande nono. Mgonjwa akae hapo hapo, na sahani yake ndogo na kijiko cha chai. Aanze na nyama iliyosagwa, samaki au maharagwe, amalizie na mboga. Wali, anjera (mkate mwembamba) na baasto (tambi) vije mwisho na vichache, maana vinavimba na kunata kwenye njia nyembamba. Atafune mpaka kiwe uji. Asinywe kitu nusu saa kabla na nusu saa baada ya kula. Vijiko vitano vikimtosha, aweke kijiko chini na aendelee na mazungumzo. Wenzake wasimsogezee kitu; wamsogezee habari.

Vitamini alizoanza kumeza ni za maisha: B12, madini ya chuma, kalisiamu, vitamini D. Zitengewe pesa kama kodi ya nyumba. Nywele zikianza kukatika mwezi wa tatu au wa nne, asitishike, hurudi. Mwanamke asibebe mimba kwa mwaka mmoja hadi mwaka na nusu, na ajue kwamba uzani ukishuka uwezo wa kushika mimba hupanda, kwa hiyo njia ya uzazi wa mpango ajadiliane na daktari mapema.

Upweke ni taabu ya wagonjwa wa miji mingi, ambao hurudi nyumbani wakiwa na karatasi ya maelekezo na hawana wa kuwasomea. Garissa haina uhaba wa watu. Ina watu wasiomwacha mgonjwa hata dakika, wanaojua kupika, kuomba, kukesha na kuendesha gari usiku. Walichokosa ni maelekezo tu, na sasa wanayo. Nyumba iliyokwisha kuzipita wiki hizi sita ndiyo kliniki iliyo karibu zaidi kwa nyumba itakayofuata. Mkisikia mtu wa bulla jirani amerudi kutoka Nairobi na matundu tumboni, nendeni. Bebeni kipimajoto, vikombe vya mililita 30 na daftari. Wali uacheni nyumbani.